Kuchagua Hoja ya Mdahalo: Mfano wa Tumbaku

Katika shule nyingi za sekondari hoja ifuatayo imekwisha kujadiliwa mara nyingi: "Uvutaji wa sigara una madhara kuliko manufaa." Aghalabu mdahalo wa namna hiyo hufifia mapema. Upande unaounga mkono hutaja magonjwa, mmoja baada ya mwingine. Upande unaopinga, kwa kukosa la kusema, hukimbilia mzaha, au hudai kwamba babu ya fulani alivuta tumbaku na akafika miaka tisini. Wasikilizaji hucheka, kura hupigwa, na kila mtu huondoka na yale yale aliyoingia nayo. Kosa si la wasemaji. Kosa ni la hoja yenyewe, kwa kuwa wametakiwa kubishania jambo ambalo ushahidi umekwisha kulikata.

Maswali ya aina tatu

Kabla ya kuandika hoja, yafaa kupambanua maswali ya aina tatu. La kwanza ni swali la ukweli, ambalo hujibiwa kwa kupima na kuhesabu. La pili ni swali la kupenda na kutopenda; hilo halina mshindi, kwani kila mtu huamua kwa moyo wake. La tatu ni swali la uamuzi: jamii ifanye nini, hali kuna mambo mawili mema yanayogongana? Swali la tatu ndilo lifaalo kwa mdahalo. Hata hivyo, haliwezi kujadiliwa vyema na mtu asiyejua majibu ya swali la kwanza.

Swali lililokwisha kujibiwa

Si kwamba madhara ya sigara yalijulikana tangu zamani. Katika miaka ya 1940 kuongezeka kwa saratani ya mapafu nchini Uingereza kulikuwa fumbo, na wako walioshuku moshi wa magari au lami ya barabarani. Wakati huo swali lilikuwa wazi kweli kweli.

Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill walitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali za London. Miongoni mwa wanaume 649 wenye saratani ya mapafu, wasiokuwa wavutaji walikuwa 2 tu. Miongoni mwa wanaume 649 wenye maradhi mengine, wasiokuwa wavutaji walikuwa 27. Lau uvutaji usingehusiana na ugonjwa huo, hesabu hizo mbili zingekaribiana. Tena, waliovuta sigara nyingi kwa siku walikuwa wengi zaidi katika kundi la saratani.

Watafiti hao hawakuishia hapo. Mwaka 1951 walianza kufuatilia maisha ya madaktari wanaume wa Uingereza zaidi ya 34,000, wavutaji na wasiovuta. Matokeo ya miaka 50 ya kazi hiyo yalitangazwa mwaka 2004: wavutaji waliozaliwa kati ya 1900 na 1930 walikufa wastani wa miaka 10 mapema kuliko wenzao wasiovuta. Walioacha wakiwa na umri wa miaka 30 hivi waliepuka karibu hasara yote hiyo.

Hapo ndipo babu wa miaka tisini anapopata jibu lake. Wastani haumtabirii mtu mmoja mmoja. Huonyesha yanayoupata umati. Mzee mmoja aliyenusurika hatangui hesabu ya maelfu waliokufa, kama vile mtu mmoja aliyevuka mto wenye mamba hathibitishi kwamba mto huo ni salama.

Swali lililo wazi

Sasa itazamwe hoja nyingine: "Kilimo cha tumbaku mkoani Tabora kikomeshwe katika muda wa miaka kumi." Hapa pande zote mbili zina la kusema, na madhara ya sigara hayakanwi na upande wowote.

Upande unaounga mkono una mambo mazito. Tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa hewa ya moto ndani ya mabani, na kuni za moto huo kwa miaka mingi zimekatwa katika misitu ya miombo. Mvunaji anayeshika majani mabichi yenye umande hupenyezwa nikotini katika ngozi, akapatwa na kizunguzungu, kichefuchefu na kutapika. Zaidi ya hayo, Tanzania iliridhia mwaka 2007 mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku, uliopitishwa mwaka 2003 na kuanza kutumika mwaka 2005.

Upande unaopinga nao hauko mikono mitupu. Mkulima hupata mbolea na pembejeo kwa mkopo kupitia chama cha msingi, na zao lake lina soko linalojulikana. Mahindi na karanga mara nyingi hazina uhakika huo. Sehemu kubwa ya tumbaku ya Tanzania huuzwa nje, hivyo mvutaji wa mbali ataweza kununuliwa jani la nchi nyingine iwapo Tabora itaacha kulima. Isitoshe, kifungu cha 17 cha mkataba ule ule huzitaka nchi kuendeleza njia nyingine za mapato kwa wakulima wa tumbaku. Maana yake, tatizo la mkulima limetambuliwa na mkataba wenyewe.

Mabishano hayaishi hapo. Mmoja atasema mkopo wa pembejeo ni msaada. Mwingine atajibu kwamba ni kamba, kwa kuwa deni hukatwa kwanza mavuno yanapouzwa. Mmoja atataja ukataji wa miti. Mwingine atataja upandaji wa miti na mabani yanayotumia kuni chache. Mwanafunzi ambaye sare na madaftari yake yametokana na tumbaku hataweza kuichukulia hoja hii kama mchezo, wala mwenzake hataweza kumshinda kwa kutaja saratani peke yake.

Vipimo vya hoja njema

Hoja njema hutambulikana kwa vipimo vinne:

1. Inataja uamuzi mmoja, mahali pake na muda wake.
2. Mtu mwaminifu mwenye kujua ukweli aweza kusimama upande wowote.
3. Ushahidi wake waweza kupatikana na wanafunzi wenyewe, kwa kusoma, kuhesabu au kuwauliza wakulima.
4. Haimfedheheshi yeyote miongoni mwa wasikilizaji kwa kazi ya wazazi wake.

Hoja inayoshindwa katika kipimo cha pili haifai kwa mdahalo. Yafaa iwe somo la darasani, ambako ushahidi wake utaelezwa bila kupigiwa kura. Ukweli wa sayansi haupatikani kwa wingi wa mikono iliyonyoshwa.

Zoezi

Wanafunzi wapambanue kila hoja iliyo hapa chini: ni ya ukweli, ya kupenda, au ya uamuzi? Kisha waiandike upya ile ya uamuzi hata itimize vipimo vyote vinne.

(a) Nikotini huleta uraibu.
(b) Kiko ni kizuri kuliko sigara.
(c) Kodi ya sigara ipandishwe.
(d) Moshi wa sigara huwadhuru hata wasiovuta.