Dondoo muhimu: Kubuni dola zipandazo na kuanguka

Mwenye azma ya kutunga mchezo wa dola za kufikirika, zinazostawi kisha zikatoweka, kabla hajachora ramani na akwee kwanza Hyrax Hill, kando ya mji wa Nakuru, alikochimba mwanaakiolojia Mary Leakey mwaka 1937, kwani hapo zama zimelala tabaka juu ya tabaka.

Ziwa na litangulie majeshi. Maelfu ya miaka iliyopita maji ya Ziwa Nakuru yalifika hadi chini ya kilima hicho, nayo yalipojitenga, maisha hayakubaki yalivyokuwa.

Utajiri uhesabiwe kwa ng'ombe. Wasirikwa, wafugaji wa kale wa hapo, walichimba mazizi ndani ya ardhi, nyumba zikiungana nayo, samadi ikitupwa nje hata ikawa kichuguu. Mchezaji na aachiwe mashimo hayo ayasome mwenyewe, asihutubiwe.

Maradhi yasidharauliwe: sotoka ya miaka ya 1890, iliyofyeka mifugo ya Wamaasai, ndui ikiandamana nayo, ilidhoofisha kabila lililohofiwa kote katika Bonde la Ufa.

Na usiondoke kilimani, nakusihi, bila kuyatazama mashimo ya bao yaliyochongwa mwambani.