Siku Moja ya Matembezi Mjini Leipzig



Wazee wanasema tembea uone. Ni kweli, lakini macho peke yake hayatoshi. Mtu aliyejifunza kusoma akitembea mji, anaona kitu na anaona pia maneno yaliyoandikwa juu ya kitu hicho. Tena, akiwa makini, anaona na lile ambalo halikuandikwa.

Leo tutatembea mji mmoja wa Ulaya, uitwao Leipzig, mashariki ya Ujerumani. Mji huu una wakazi zaidi ya laki sita. Kwa nini Leipzig? Kwa sababu huko kuna habari zinazotuhusu sisi watu wa Masasi na Newala.

Tuseme wasafiri wetu ni baba, mama na watoto wawili, wenyeji wa Newala. Mama anasoma katika chuo kikuu cha mji huo, kilichoanzishwa mwaka 1409. Baba na watoto wamekwenda kumtembelea. Leo ni Jumamosi, hakuna masomo. Wamefunga mikate na maji katika kikapu, wakatoka.

ASUBUHI: MJI WA KALE

Wanaanzia stesheni ya treni. Stesheni hii ilifunguliwa mwaka 1915, nayo ni moja ya stesheni kubwa kabisa za Ulaya. Upande wake wa mbele una urefu wa karibu mita 300. Ukipanga viwanja vitatu vya mpira, kimoja baada ya kingine kwa urefu, ndio unapata urefu huo. Watoto wanataka kuhesabu hatua. Baba anawaacha wahesabu. Hakuna haraka.

Kutoka hapo wanakwenda kwa miguu. Mji wa kale ni mdogo, mtu anaweza kuuvuka bila kupanda gari. Wanafika kwanza kwenye Kanisa la Mtakatifu Nikolai. Zamani Ujerumani ilikuwa nchi mbili, na Leipzig ilikuwa upande wa mashariki. Watu walikuwa wakikutana katika kanisa hili kila Jumatatu kuomba amani. Tarehe 9 Oktoba 1989 watu wapatao 70,000 waliandamana mjini wakidai mabadiliko, na hapakupigwa risasi hata moja. Mwezi mmoja baadaye ukuta wa Berlin ulifunguliwa.

Wanapita uwanja wa soko, wanatazama jumba la zamani la halmashauri ya mji lililojengwa mwaka 1556. Kisha wanafika Kanisa la Mtakatifu Thomas. Hapa mtunzi mkubwa wa muziki, Johann Sebastian Bach, alikuwa mwalimu wa muziki tangu mwaka 1723 mpaka alipofariki mwaka 1750. Kaburi lake limo ndani ya kanisa, na jina lake limeandikwa sakafuni.

Mtoto mkubwa anasoma jina hilo kwa sauti. Anauliza: "Mama, ndio alizikwa hapa hapa?"

Kumbe sivyo. Bach alizikwa katika makaburi ya Mtakatifu Yohana, nje ya mji wa wakati ule. Kaburi lake halikuwekwa alama wala jina. Ikapita karibu miaka 150. Mwaka 1894 watu walipotaka kulitafuta, ilibidi wafuate masimulizi ya wazee. Wakachimba, wakapata mifupa inayoaminika kuwa yake. Ilihamishiwa katika kanisa hili mwaka 1950.

Tuzingatie jambo hili. Mtu mashuhuri namna hiyo, katika mji wenye chuo kikuu na vitabu vingi, kaburi lake lilipotea kwa kukosa jina.

MCHANA: MAKUMBUSHO YA GRASSI

Wanakula mikate yao kwenye benchi, halafu wanapanda treni ndogo ya mjini iitwayo tramu. Matembezi ya familia yana kanuni moja: usitake kuona vyote. Mtoto akichoka, hata mkubwa hafurahi tena. Kwa hiyo mchana wamechagua mahali pamoja tu, Makumbusho ya Grassi.

Jengo hili liko karibu kabisa na yale makaburi ya zamani alikozikwa Bach. Lilijengwa kati ya mwaka 1925 na 1929. Ndani yake mna makumbusho tatu, na moja ni ya mila na vifaa vya watu wa mataifa mbalimbali. Hapa ndipo habari zetu zinapoingia.

Mwaka 1906 mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, Profesa Karl Weule, alikuja kwetu. Alishuka Lindi, akaenda kwa miguu mpaka Masasi, akakaa Chingulungulu, kisha akapanda Newala na Mahuta. Alifika kwa Wayao, Wamakua na Wamakonde. Alikuwa na kamera, mashine ya sinema, na mashine ya kunasa sauti kwenye nta. Alipiga picha za ngoma, akanasa nyimbo, akakusanya vifaa vya nyumbani, vya kazi na vya ngoma. Aliwapa watu karatasi na penseli wachore watakacho. Vifaa akavipeleka Leipzig. Mwaka 1908 alitoa kitabu juu ya safari hiyo, na baadhi ya michoro ile imo kitabuni.

Lakini tukumbuke hali ya wakati ule. Nchi ilikuwa chini ya utawala wa Wajerumani. Vita vya Maji Maji, vya mwaka 1905 hadi 1907, vilikuwa vimeiumiza sana kusini. Watu wengi walikufa kwa risasi, na wengi zaidi kwa njaa. Basi tukisoma kwamba kitu fulani kilinunuliwa mwaka 1906, tujiulize: huyo muuzaji alikuwa na uhuru wa kukataa? Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyoyatenda katika vita hivyo.

Makumbusho haiwezi kuonyesha kila kitu ilicho nacho. Vingi hukaa ghalani. Na vingine vya Leipzig viliungua, maana mwaka 1943 jengo hili lilipigwa mabomu likashika moto.

JINSI YA KUSOMA KIBANDIKO

Kando ya kila kitu katika makumbusho huwa kuna kibandiko. Usikipite. Mara nyingi kinataja kitu chenyewe, mahali kilikotoka, mwaka, na jina la aliyekipeleka. Sasa tafuta jina la fundi aliyekichonga, au mama aliyekifinyanga. Katika makumbusho nyingi za Ulaya, kwa vitu vya Afrika, jina hilo halipo. Fundi alikuwa na jina, na kijiji kizima kilimjua. Ila hakuna aliyeliandika.

Tazama tofauti. Mnyampara wa wapagazi wa Weule aliitwa Pesa Mbili. Jina lake limo kitabuni, ndiyo maana sisi tunamtaja leo, zaidi ya miaka mia baadaye. Mafundi wengi wa wakati ule hatuna namna ya kuwataja.

Maandishi yana nguvu nyingine pia. Mwaka 1984 wezi walivunja Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, wakaiba vitu, na miongoni mwake kinyago cha Kimakonde cha kuvaa usoni. Kikaja kuonekana katika makumbusho ya Barbier-Mueller, mjini Geneva, Uswisi. Mazungumzo yalichukua miaka mingi, na mwaka 2010 kinyago kilirudishwa Tanzania. Mali iliyoandikwa hudaiwa. Isiyoandikwa, utaidai kwa ushahidi gani?

JIONI, NA KAZI KWETU

Nyuma ya makumbusho kuna bustani yenye miti mikubwa na makaburi ya zamani. Familia yetu inapumzika hapo. Watoto wanakimbizana. Mama anatoa daftari, anaandika majina ya mahali walipopita. Siku imekwisha vizuri.

Wewe na mimi hatuhitaji kwenda Leipzig ili tufanye hivyo. Jumapili moja wapeleke watoto Shimo la Mungu, pale Newala, watazame bonde la Ruvuma mpaka ng'ambo ya Msumbiji. Au wapeleke chini ya milima ya mawe ya Masasi. Nenda na daftari.

Kisha rudi nyumbani, tafuta kitu kimoja cha wazee: kinu, mtungi, kigoda au ngoma. Andika mambo manne:

1. Kinaitwaje, kwa lugha ya nyumbani na kwa Kiswahili?
2. Nani alikitengeneza, na wa kijiji gani?
3. Kilitengenezwa lini, na kwa mti au udongo gani?
4. Kilitumika vipi, na sasa ni cha nani?

Mambo ya jando na unyago yana miiko yake. Waulize wazee kwanza lipi linafaa kuandikwa na lipi libaki kwao. Lakini usingoje sana. Mzee anayemkumbuka fundi leo, kesho huenda hayupo.

MANENO MAPYA

Kibandiko: karatasi ndogo ya maelezo iliyobandikwa kwenye kitu au kando yake.
Mnyampara: kiongozi wa wapagazi au wafanyakazi.
Mpagazi: mtu anayebeba mizigo safarini kwa malipo.
Nta: masega ya nyuki yaliyoyeyushwa na kukamuliwa asali.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Kwa nini kaburi la Bach lilikuwa vigumu kupatikana?
2. Weule alipita wapi katika wilaya zetu, na alichukua nini?
3. Je, vitu vya wazee wetu vilivyoko Ulaya virudishwe, au picha na nakala za sauti zinatosha? Toeni sababu.
4. Katika kijiji chenu, ni fundi gani ambaye jina lake halijaandikwa mahali popote? Liandikeni leo.