Klachi Ikizama, Usikimbilie Kushusha Giaboksi

Gia zikigoma kuingia, wengi huambiwa papo hapo kwamba giaboksi ishushwe. Kwenye klachi ya mafuta, chanzo huweza kuwa nje kabisa, na tochi na spana vikatosha kukifichua.

Pedali inakwenda hadi chini bila uzito. Nianzie wapi?

Fungua boneti utazame kikopo cha mafuta. Yakiwa yamepungua, tafuta panapovuja. Kwenye magari mengi klachi na breki hutumia kikopo kimoja, na tundu la klachi huwekwa juu zaidi ili breki zisikaukiwe kwanza. Kwa hiyo klachi inayokufa inaweza kuwa onyo kwamba breki nazo ziko hatarini. Usiendelee kuendesha.

Nitajuaje kama mbovu ni masta ya juu au ya chini?

Inama kwenye miguu ya dereva, pitisha kidole pale fimbo ya pedali inapoingia ukutani. Kikitoka na mafuta, masta ya juu inavuja. Kisha ingia chini ya gari uinue raba ya vumbi ya masta ya chini, ubavuni mwa giaboksi. Mafuta yakichuruzika, raba za ndani zimekwisha. Kama nje ni pakavu, kanyaga pedali uishikilie: ikizama taratibu, masta ya juu inapitisha mafuta ndani kwa ndani.

Nikikanyaga mara kadhaa, gia zinaingia. Kwa nini?

Kuna upepo. Mafuta hayashindiliki ila hewa hushindilika, kwa hiyo nguvu ya mguu inaishia kubana hewa. Jaza kikopo, chomeka mpira kwenye nipeli ya masta ya chini, ncha yake izame kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Msaidizi akanyage na kushikilia. Fungua nipeli, mapovu yatoke, funga, ndipo aachie. Rudieni hadi yatoke mafuta matupu, na kikopo kisikauke, la sivyo mtaanza upya.

Nitumie mafuta gani?

Yaliyoandikwa kwenye kifuniko, kwa kawaida DOT 3 au DOT 4. Usiweke oili ya injini hata kidogo. Huvimbisha raba na kuharibu mfumo mzima. Mafuta ya breki hunyonya unyevu: DOT 4 mpya hairuhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi 155. Yakiwa meusi, yabadilishe. Yakidondokea rangi ya gari, osha kwa maji mara moja.

Ni wakati gani giaboksi lazima ishuke?

Masta ya chini ikiwa imejengwa ndani, kuzunguka shafti, na inavuja. Au injini ikinguruma huku gari haiongezi mwendo, dalili ya sahani ya klachi iliyolika. Vinginevyo, mwombe fundi akuonyeshe fimbo ya masta ya chini huku mwenzake akikanyaga. Isiposogea vya kutosha, tatizo liko kwenye mafuta. Ikisukuma safari yake yote na gia bado zinagoma, kubali giaboksi ishushwe.