«Bibi yako amefariki»: maneno ya ukoo kati ya Lubumbashi na Ujiji

Nyumbani kwetu Lubumbashi tuna barua ya mistari 11 iliyoandikwa Ujiji mwaka 1936. Aliyeandikiwa ni baba wa nkambo yangu, mtu aliyezaliwa Kasongo akashuka Katanga kutafuta kazi ya migodi. Mstari wa nne unasema: «Bibi yako amefariki mwezi wa Rajabu, tumemzika hapa.» Mwenye barua alikufa mapema bila kuacha maelezo, na watoto wake waliusoma mstari huo kama mtu yeyote wa Lubumbashi angeusoma: mke wako amefariki. Kwetu bibi ni mke. Mwanaume akisema «bibi yangu iko ku soko», hakuna anayefikiri juu ya mama mzee.

Kutokana na neno hilo moja ilijengwa historia nzima. Ilisemwa kwamba mzee wetu aliacha mke na watoto Ujiji kabla ya kuja Katanga, na kwamba watu wa kule ni wajukuu na vitukuu vyake kama sisi. Mfanyabiashara mmoja wa Kasongo anayepitia Kigoma alipotuletea namba ya simu ya mzee wa nyumba ile, baba yangu alihesabu vizazi kwa vidole akaniambia: «Yule ni yaya yako.» Kaka yangu mkubwa, basi. Mimi niko mwaka wa mwisho wa idara ya lugha za Kiafrika, nilikuwa natafuta mada ya kazi ya mwisho, nikaomba niende.

Juu ya safari sina mengi. Kasumbalesa, Zambia yote mpaka Nakonde, kuvuka Tunduma, halafu Sumbawanga, Mpanda na Kigoma: siku nyingi za basi na mihuri mingi katika pasipoti. Kutoka Kigoma mjini mpaka Ujiji ni kilomita chache tu. Wasomaji wengi wanaijua Ujiji kwa sababu ya Stanley kumkuta Livingstone pale mwaka 1871. Wenyeji wenyewe wanaijua kama mji wa Waha walioishi na watu wa ng'ambo ya ziwa, yaani watu wa kwetu: Wagoma, Wabwari, Wabembe, Wamanyema.

«Yaya» yangu alikuwa mzee wa karibu miaka 80. Tayari hapo hesabu ya baba ilianza kuyumba. Kama mke wa mwaka 1936 alikuwa wa rika la mume wake, aliyezaliwa karibu na 1905, basi kitukuu chake hakiwezi kuwa na miaka 80 leo. Angekuwa na 60 kwa wingi. (Na neno yaya lenyewe halikunisaidia: kule ni msichana anayelea watoto wa watu kwa mshahara. Watoto wa nyumba walicheka mpaka wakakaa chini.)

Nilimwonyesha mzee picha ya barua katika simu. Aliisoma kwa sauti, bila kusita, akasema: «Huyu ni mama yake babu yangu. Kaburi lake nitakupeleka.» Kwake bibi ni nyanya, mama wa baba au wa mama. Hakuona kitu cha kufasiri.

Hapa mwanafunzi wa lugha asiridhike haraka. Kusema kwamba Lubumbashi bibi ni mke na Tanzania bibi ni nyanya hakutoshi kwa barua ya 1936, maana neno hili lina upana wa zamani: limetumika kwa mwanamke wa heshima kwa jumla, na hata leo Watanzania wanasema bibi arusi bila kumaanisha nyanya. Ushahidi wenye nguvu zaidi umo ndani ya barua yenyewe. Mstari wa tisa unasema: «Msalimie mke wako na watoto.» Mwandishi alikuwa na neno la mke, akalitumia pale alipolihitaji. Kwa hiyo bibi wa mstari wa nne ni mtu mwingine. Karatasi, kalamu na mkono ni vilevile. Maneno mawili, watu wawili. Ongeza umri wa mzee, ongeza kaburi lililoitwa na jirani wote «la bibi mkubwa», na jambo limekwisha.

Tofauti yake si ndogo. Kwa kubadili maana ya neno moja, marehemu alipanda vizazi viwili, na mwenyeji wangu alipanda pamoja naye: akatoka kuwa yaya akawa babu, sawa na nkambo yangu. Mdogo hamhoji kaka yake mkubwa juu ya mambo ya wazee, anangoja aambiwe. Lakini kati ya babu na mjukuu kuna utani, kule kama kwetu. Kuanzia siku ile nilimpa shikamoo asubuhi, akaniitikia marahaba, halafu akaniita mume mwenza wa mke wake, nami nikaruhusiwa kuuliza karibu kila kitu.

Nikauliza kabila. Akajibu: «Sisi Wamanyema.» Kwa mtu wa Kongo jibu hili ni mlango unaofunguka kwenye ukumbi mtupu. Maniema kwetu ni jimbo, tangu Kivu ilipogawanywa mwaka 1988, na ndani ya jimbo hilo mtu ni Mubangubangu, Muzimba, Mukusu, Mugenya na kadhalika. Hakuna anayetoka Kasongo akijiita Mumanyema kana kwamba ni lugha moja na chifu mmoja. Jina hilo lilikuwa la nchi, wakalitumia watu wa misafara kwa wote waliotoka upande ule. Likavuka ziwa pamoja na wapagazi, askari na mateka, na Ujiji likawa kabila kweli, lenye mitaa yake na ndoa zake. Mimi sikubaliani na wenzetu wanaosema kwamba watu wa Ujiji «wamepoteza» kabila lao. Wana moja, limezaliwa njiani.

Tena ukoo unaweza kutengenezwa kwa kusimuliwa tu. Tippu Tip, katika maisha yake aliyoyatunga mwenyewe kwa Kiswahili na yaliyochapwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 20, anaeleza jinsi alivyompata chifu Kasongo Rushie wa Utetera: alijitangaza kuwa mjukuu wa mwanamke wa ukoo ule aliyetekwa zamani. Chifu akamkubali na kumwachia nchi. Maneno machache ya ukoo yalimpa mtu utawala. Kila mwanafunzi anayekwenda kukusanya nasaba aanze na kurasa zile, ndipo ajue kwamba anayesimulia ukoo ana haja fulani, na sisi tunaouliza vilevile.

Haja ya jamaa yangu naijua. Tumelelewa tukiambiwa sisi ni waungwana, watu wa kanzu na wa kusoma, na jina Kingwana walilopewa watu kwa lugha yetu lilitupa kiburi kidogo. Basi nilipomuuliza babu jinsi bibi mkubwa alivyofika Ujiji, jibu lake lingenifurahisha: «Alikuja na msafara.» Dada yake, mama mkubwa wa nyumba ile, alikuwa anachambua dagaa karibu nasi. Jioni nilipokaa naye jikoni alisema habari ileile kwa kitenzi kingine: «Aliletwa na msafara. Alikuwa amemwacha mtoto mdogo kwao.»

Angalia sentensi hizi mbili. Msafara umo katika zote na mahali pa kufikia ni palepale. Katika ya kwanza mwanamke ndiye anayetenda. Katika ya pili kuna mtu aliyemleta, naye hatajwi, kwa sababu na ya pale yaweza kuwa ya pamoja au ya mtendaji, na kauli ya kutendwa inakubali kiti cha mtendaji kibaki bila mtu. Livingstone aliona mauaji ya soko la Nyangwe mwaka 1871. Majeshi ya Leopold yaliiteka Kasongo mwaka 1893. Kati ya miaka hiyo watu wa kwetu waliletwa kwa maelfu. Mtoto mdogo aliyeachwa ni baba wa yule aliyepokea barua. Neno mtumwa halikutoka kinywani mwa mtu yeyote katika nyumba ile, nami sikulitoa.

Kwa wale watakaofanya kazi ya namna hii nina ombi moja. Tumezoea kuandika daftari la utafiti kwa Kifaransa, kwa sababu kazi itasomwa kwa Kifaransa. Msifanye hivyo kwa nasaba. Kama ningeandika papo hapo kwa Kifaransa, sentensi za ndugu wawili zingekuwa moja, «alifika», na bibi wa kila upande angepata umri nisioweza kuukagua tena. Andikeni sauti za msemaji, na pembeni andikeni ni mtu wa wapi, nani yupo karibu, na mikono yake inafanya nini.

Nilimpigia baba simu kutoka Kigoma. Juu ya bibi alicheka sana, akasema basi tumemlilia mke asiyekuwepo kwa miaka mingi. Nilipomwambia lingine alinyamaza, halafu akauliza: «Alikuja ao aliletwa?» Nikamjibu kama nilivyosikia, kwa sauti mbili.

Sasa imebaki Kasongo. Ujiji wanasema kwa kitenzi cha mahali pa kufikia. Kule alikotoka lazima wawe na kitenzi cha mahali pa kuondokea. Alienda, alipelekwa, alikamatwa, alipotea: sijui ni kipi wajukuu wa majirani zake wamekiweka. Barabara ya Kasongo ikipitika wakati wa kiangazi, nitakwenda kuuliza ni nani aliyemlea yule mtoto.