Kinyesi Kina Mwenyewe: Mambo ya Kufanya na Kutofanya kwa Wenye Wanyama na Majirani Zao

Nimekuwa bwana mifugo hapa Unguja kwa zaidi ya miaka 30. Nimezalisha ng'ombe chini ya mvua ya masika, nimeshona punda waliogongwa na daladala, na siku hizi naitwa kutazama kwato za farasi wa ufukweni. Katika miaka yote hiyo, shauri lililonipeleka kwa sheha mara nyingi kuliko yote ni la kinyesi. Watu waliozikana na kuozana wameacha kuombana chumvi kwa sababu ya lundo moja nyuma ya banda. Kila moja ya kesi hizo ingezuilika kwa sepeto na dakika tano.

Kwanza tuondoe ubishi wa nani mgeni, mwenye mnyama au mwenye nyumba. Bibi Salme, binti wa Sultani Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, ameandika habari za farasi na za punda weupe wa Maskati. Ng'ombe wa gari wamebeba mchanga, kuni na nazi za kisiwa hiki tangu babu zetu. Kisha mbung'o wakatokomezwa: kuanzia 1994 madume yaliyopigwa mionzi, yaliyofugwa Tanga, yakimwagwa kwa ndege juu ya Unguja, na mwaka 1996 ndipo mbung'o wa mwisho alipopatikana. Nagana, maradhi ya mifugo yanayoenezwa na mbung'o, ikaondoka, mabanda yakajaa. Miaka hiyohiyo makonde ya Fuoni na Tunguu yakakatwa viwanja. Banda na sebule vikawa ukuta kwa ukuta. Hakuna mgeni hapo. Kuna majirani wawili, na kila mmoja asikie lake.

MWENYE MNYAMA: FANYA

Zoa siku hiyohiyo. Farasi mmoja mzima hutoa karibu kilo 20 kwa siku, na hunya mara 8 hadi 12. Usiniambie "imetokea bahati mbaya". Ukimtoa nje mnyama kwa saa mbili, unajua kitatoka. Weka sepeto na polo kwenye gari la ng'ombe kama unavyoweka kamba. Umepanda farasi na kushuka ni hatari? Mrudishe bandani, kisha rudi kwa miguu uzoe. Anayerudi husamehewa. Anayeendelea na safari yake hasahauliki.

Anza na milango: wa msikiti, wa skuli, wa duka, wa nyumba ya mtu. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu, kinyesi cha mnyama ni najisi, hata cha ng'ombe tunayemla. Mtu aliyekwishatia udhu akikikanyaga gizani alfajiri, hana budi kurudi kuosha mguu na nguo, na jamaa inampita. Namjua mzee aliyeacha njia ya mkato aliyoipita tangu ujana wake, akawa anazunguka na mkongojo, kwa sababu kijana mmoja alifunga punda wake kila usiku kwenye mnazi ulio mbele ya msikiti. Aliposemeshwa, kijana alijibu kuwa mvua itaosha. Ilikuwa Januari.

Ondoa au funika lundo kabla inzi hawajatoka. Yai la inzi huanguliwa ndani ya siku moja, na katika joto letu buu huwa inzi kamili kwa siku 7 hadi 10. Ukisafisha zizi kila asubuhi na huku lundo limekaa wazi wiki mbili, umefuga inzi kwa ukamilifu, na chakula chao kipo jikoni kwa jirani. Lifunike kwa turubai. Changanya na majani makavu, litie maji kidogo likikauka, ligeuze kila wiki. Lundo lililopangwa hivyo hupata joto la nyuzi 55 na zaidi katikati, joto linaloua mayai ya minyoo na mbegu za magugu. Mabuu hukimbilia pembeni penye ubaridi, ndiyo sababu ya kugeuza: cha nje kiingie ndani.

Usijidanganye na upepo. Nimeonyeshwa malundo mengi "yaliyowekwa upande mzuri". Kusi ikivuma, jirani wa kaskazini ndiye anayekula harufu. Kaskazi ikiingia Disemba, ni zamu ya wa kusini. Upande mzuri wa mwaka mzima haupo. Turubai lipo.

Toa taarifa kabla ya kugeuza au kubeba. Mwambie mama wa nyumba ya pili jana yake ili aanue nguo mapema. Uliza kama kuna shughuli. Nilishuhudia lundo la miezi mitatu likifukuliwa asubuhi ya hitma, watu wamekaa mkekani na sinia zinapita. Mwenye banda alikuwa na haki ya kubeba samadi yake. Hakuwa na haki ya kuibeba siku ile.

MWENYE MNYAMA: USIFANYE

Usiweke lundo karibu na kisima. Hapa sina lugha ya upole. Upande wa mashariki na kusini tunakaa juu ya maweni, mwamba wa matumbawe wenye matundu kama sponji. Kwenye udongo mzito wa kinongo maji huchujwa kidogo njiani. Kwenye maweni mvua hushuka moja kwa moja, na chochote kilicho juu hushuka nayo. Katika kijiji kimoja cha kusini mfugaji aliweka lundo hatua chache tu juu ya kisima cha ukoo mwingine. Kiangazi chote hakuna aliyelalamika. Yaliposhuka masika, maji yakageuka rangi ya chai, watoto wakaanza kuharisha, na wanawake wakawa wanabeba ndoo kutoka mbali kwa wiki nne. Lundo lilihamishwa kwa siku moja, na gari la ng'ombe la mwenyewe. Lingeweza kuhamishwa mwezi wa pili.

Kanuni yangu ni hatua 50, na lundo liwe bondeni mwa kisima, kamwe lisiwe mlimani mwake. Ukiwa juu ya maweni, ongeza. Kama kiwanja chako hakina hatua 50, huna mahali pa lundo: toa samadi kila siku mbili ipelekwe kondeni ikaivie huko.

Usiiachie bahari kazi yako. Naona wapandishaji farasi wa Paje na Nungwi wakiacha kinyesi mchangani kwa hoja kwamba maji yatajaa. Maji hujaa, kisha hukirudisha na kukipanga kwenye mstari wa majani ya bahari, palepale watoto wanapocheza mpira pekupeku. Na maji yanapokupwa, pwani hiyo ni konde. Mwani unalimwa kibiashara mashariki mwa Unguja tangu 1989, na wanaoulima, wengi wao wanawake, huinama humo kwa saa nyingi. Usipitishe farasi kati ya kamba zao. Usiache kitu kwenye maji wanamosimama.

Usiingize mnyama kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe. Pale watu wawili wakikutana mmoja hugeuka ubavu. Kinyesi kikianguka hakina pa kusogezwa, miguu inakieneza kuanzia baraza moja hadi nyingine, na mvua inakimalizia baharini. Shusha mzigo nje, gari la mkono limalizie.

Usigawe samadi mbichi. Huunguza miche, huotesha magugu, na mayai ya minyoo bado yamo. Nimeona tuta zima la tungule likinyauka kwa ukarimu wa jirani. Ipe miezi mitatu. Na ukimpa farasi dawa ya minyoo, kinyesi cha siku zinazofuata kitenge: dawa hutoka nacho na huua wadudu wazuri wa udongo.

Usigeuze samadi kuwa biashara ya ugomvi. Kwa Mashafi najisi haiuzwi. Kinacholipwa ni kazi ya kuzoa na kubeba. Semeni hivyo tangu mwanzo, na kiasi kitajwe kabla ya polo la kwanza kujazwa.

MWENYE NYUMBA: FANYA

Tazama kabla hujanunua kiwanja. Nenda alfajiri, nenda baada ya mvua, simama dakika kumi uvute pumzi. Ukikuta banda, ujue banda litakuwepo. Anayenunua karibu na ng'ombe kwa bei ya ng'ombe, kisha akataka ng'ombe wahame, anadai alichokataa kukilipia.

Sema mapema, na useme kwa mdomo. Piga hodi, kaa, maliza salamu, ndipo useme: "Ami, lundo limesogea ukutani kwangu, naomba tulitazame pamoja." Tisa katika kumi niliowaona wakiambiwa hivyo walizoa kabla ya magharibi. Asipozoa, rudi mara ya pili na mtu mzima wa mtaa. Mara ya tatu ndipo kwa sheha, na hapo uwe na jambo moja mkononi, sio malalamiko ya miaka kumi.

Omba samadi iliyoiva. Una mchicha nyuma ya nyumba, una mndimu unaokonda, na wiki jana umenunua mbolea ya dukani. Lundo linalokuudhi ni chakula cha bustani yako. Peleka karai lako. Kila polo unalochukua ni polo lisilobaki ukutani.

Punguza mwendo ukiwa na gari au pikipiki. Mnyama anayeshtuliwa na honi hunya palepale, na wakati mwingine huruka na kumwangusha aliyempanda.

MWENYE NYUMBA: USIFANYE

Usitupe taka zako kwenye lundo la mwenzako. Nepi, chupa, nyembe, mifuko. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2006, na bado naitoa matumboni mwa ng'ombe. Ng'ombe wa mwisho niliyempasua alikuwa na furushi la plastiki kubwa kuliko kichwa cha mtoto. Alikuwa na mimba. Mwenye taka ile alikuwa ndiye mlalamikaji mkuu wa harufu.

Usimwage dawa ya inzi juu ya lundo. Sumu huingia kwenye samadi, samadi kwenye mchicha, mchicha mezani. Kuku wa mtaa watapekua humo kabla yako.

Usilitie moto. Lundo kavu huvukuta siku nyingi na moshi wake huingia kila dirisha, la mgonjwa wa pumu kwanza.

Usimpige mnyama. Punda hajui mpaka wa kiwanja. Niliwahi kushona jeraha la panga kwenye paja la punda aliyekunya mbele ya geti jipya. Yule punda ndiye aliyekuwa akiwalisha watoto wanne.

Usianzie kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Ukishampiga mtu picha na lundo lake na kumtumia kila mmoja, umefunga mlango wa hodi. Hatazoa tena kwa hiari. Atangoja aamriwe, na atazoa nusu.

KWA NYOTE WAWILI: PEPOPUNDA

Jina lenyewe linamtaja punda, na wazee hawakukosea. Vijidudu vya ugonjwa huu huishi katika utumbo wa punda, farasi na ng'ombe, na katika udongo walionyea. Hukaa humo miaka. Huingia mwilini kupitia jeraha, hata tundu la msumari ambalo halikutoa damu.

Vaeni viatu vilivyofunika mguu mnapozoa. Msimtume mtoto azoe kwa mikono mitupu ili apewe shilingi mia tano. Nimewahi kuona hilo kwa macho yangu, mtoto ana kidonda cha kisigino na amesimama ndani ya lundo hadi vifundoni, baba yake amekaa barazani. Aliyejichoma au kujikata aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo, aulizwe lini alichanjwa mara ya mwisho. Msipake samadi, majivu wala udongo kwenye kidonda. Mtu aliyekwishakazana taya na kupinda mgongo ni vigumu kumrudisha. Chanjo huzuia yote hayo.

Masika huanza Machi. Kama lundo lako liko juu ya kisima cha mtu, lihamishe wiki hii.