Nairobi hadi New York Bila Kutua: Vidokezo vya Msafiri

1. Usigawanye umbali kwa mwendo ukadhani umemaliza hesabu. Kutoka Jomo Kenyatta hadi John F. Kennedy ni takriban kilomita 11,800. Dreamliner ikishika mwendo hukata kama kilomita 900 kwa saa, kwa hiyo kikokotoo kitakupa saa kumi na tatu na ushee. Lakini Kenya Airways, walioanza safari hii ya moja kwa moja Oktoba 28, 2018, huihesabia saa kumi na tano. Kuna kusubiri zamu ya kuruka, kuna kupanda na kushuka, na juu ya yote kuna upepo. Kule juu huvuma kwa nguvu kutoka magharibi, hivyo ukienda unaupiga kifua na ukirudi unakusukuma. Kurudi ni kama saa kumi na nne.

2. Soma tiketi kwa saa za miji yote miwili. Tuseme unaondoka 23:30 na kufika 06:30. Saa saba tu? Thubutu! New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa nane wakati wa baridi, na saa saba kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba. Ukitua huko saa kumi na mbili na nusu alfajiri ya Januari, nyumbani ni saa nane na nusu mchana na watu wameshakula. Anayekuja kukupokea mpe saa ya New York, tafadhali.

3. Chukua kiti cha kando ya njia. Najua wapenda dirisha watanuna. Ila ndege ya usiku inayokwenda magharibi huwa inalikimbia jua: Januari unaweza kuruka gizani mwanzo hadi mwisho. Unapita juu ya Sahara na huoni hata punje ya mchanga. Afadhali uweze kuinuka kunyoosha miguu bila kumwamsha jirani.

4. Ukiunganisha ndege, tazama muda wote wa safari. Kupitia Doha, kwa mfano, umbali unafika kama kilomita 14,100, na bado hujahesabu saa za kukaa uwanjani. Nauli ikiwa nafuu sana, sawa. Ukiwa na mtoto mchanga, fikiria mara mbili.

5. Unaendelea hadi Dallas au Minneapolis? Uhamiaji unamalizana nao New York. Unachukua mizigo, unapita forodha, ndipo unaikabidhi upya. Saa moja na nusu ya kuunganisha ni kujitafutia mbio. Mimi ningeacha nne.

6. Nyama kavu aliyokufungia mama haivuki. Majani ya chai hupita, lakini yataje forodhani hata kama hujaulizwa.