Kuingiza Umeme katika Banda la Uani

Mtu akijenga banda jipya uani, la useremala au la kulelea vifaranga, hutamani kuwa na taa ndani yake. Njia nyepesi machoni pake ni kuvuta waya mwembamba kutoka soketi ya nyumbani, kuupitisha dirishani, na kuuning'iniza mpaka bandani. Taa itawaka siku hiyo hiyo. Lakini jua hulikausha ganda la waya hata likapasuka, na upepo huusugua waya penye bati. Mwisho bati lenyewe huwa na umeme, na huenda wa kwanza kulishika akawa mtoto aliyetumwa kutazama kuku.

Umeme wa majumbani Tanzania ni wa volti 230. Nguvu hiyo yatosha kumwua mtu, hasa akiwa amelowa, au amesimama miguu mitupu penye ardhi mbichi. Basi, yatupasa kujua jinsi kazi hii ifanywavyo vema.

Kwanza, fundi huuliza ni vyombo gani vitakavyotumika bandani. Waya utoshao taa moja hautoshi msumeno wa umeme. Waya mwembamba ukipitisha umeme mwingi hupata joto, hata huweza kuunguza banda.

Pili, umeme wa banda hutolewa kwenye ubao mkuu wa nyumba, nao huwekewa sakiti breka ya peke yake. Tena huwekwa chombo kinacholinganisha umeme uendao na umeme urudio. Tofauti ikifika miliampea 30 tu, chombo hukata umeme mara moja, maana huenda uliopotea umepita katika mwili wa mtu.

Tatu, huchimbwa mfereji ulionyoka, wenye kina cha sentimita 60 hivi. Chini hutandazwa mchanga laini, ili mawe yasiichubue kebo. Kebo yenyewe ni ile yenye deraya ya nyuzi za chuma. Huongezwa mchanga, kisha udongo, na kabla mfereji haujajaa hulazwa utepe wa rangi kali wenye maneno ya onyo.

Utepe huo ni wa nini? Ni wa mtu tusiyemjua. Atakayelima hapo baada ya miaka 20 hakuuona mfereji wetu. Jembe lake litagusa utepe kabla ya kufika kwenye kebo, naye atasimama. Kwa sababu hiyo hiyo mfereji hunyooshwa, na ramani yake huwekwa penye ubao mkuu.

Nne, ndani ya kebo mna nyaya tatu. Katika kebo za siku hizi, waya wa kahawia huleta umeme, wa buluu huurudisha, na wa kijani na manjano ni ethi. Chombo kikiharibika, ethi huupa umeme njia, na breka hukata.

Watu husema ajali haina kinga. Ajali ya namna hii kinga yake ipo, nayo ni kazi nadhifu ya fundi mwenye leseni, ambayo Tanzania hutolewa na EWURA. Mwanafunzi asiushike waya. Aonapo uliochubuka, awaambie wakubwa upesi.

Maswali

1. Kwa nini waya wa kuning'iniza ni hatari?
2. Utepe wa onyo humsaidia nani?
3. Taja rangi za nyaya tatu na kazi zake.